Marashi Yetu, Ngozi Yetu

Leo tuzungumze habari ya marashi. Bei zake na nani ananukia kumshinda nani tuyaache kwa siku nyingine. Nataka tufuatane na marashi yakishakauka juu ya ngozi, tuone yanafanya nini siku ya pili, siku ya tatu, mpaka mwaka wa tano. Mgonjwa akimwendea daktari wa ngozi na vipele vya kuwasha visivyokwisha, daktari humtazama shingoni, nyuma ya masikio, kwapani, kwenye vifundo vya mikono na kwenye kope. Huko ndiko tunakojipulizia na kujipaka vitu vya kunukia. Kope zimeingia katika hesabu kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba mno, na mikono yetu haikai mbali na macho.

Sisi wa pwani kunukia tumezaliwa nako. Mgeni akifika hunyunyiziwa marashi ya waridi kutoka kwenye mrashi, nguo hufukizwa udi, asumini hutungwa ikapambwa kwenye nywele, na vikuba vya rihani na mkadi huvaliwa. Bibi harusi husuguliwa singo ya karafuu, mawaridi na langilangi siku kadhaa kabla ya kutoka. Hayo ni mambo ya heshima na ya mapenzi, na sikuja hapa kumnyang'anya mtu asumini yake. Nimekuja kwa sababu ninaona watu wengi wanateseka kwa kuwashwa miaka nenda miaka rudi, wanabadilisha dawa, wanakatazwa samaki, wanakatazwa mayai, na hakuna aliyewauliza wanajipaka nini.

Tuanze na namna jambo lenyewe linavyokwenda. Ngozi hudhurika na harufu kwa njia mbili, na watu huzichanganya. Njia ya kwanza ni kuunguzwa. Mafuta makali ya mdalasini au ya karafuu yakipakwa mabichi, bila kuchanganywa na kitu, huchoma ngozi ya mtu yeyote yule dakika hiyo hiyo au baada ya saa chache. Ukiyaosha mapema na ukaacha kuyatumia, ngozi hupona na habari imekwisha. Njia ya pili ni mzio, na hii ndiyo ninayotaka tukae nayo.

Mzio wa kugusa hauanzi siku ya kwanza. Chembe za harufu ni ndogo sana, hivyo hupenya tabaka la juu la ngozi na kujishikiza kwenye protini za mwili. Seli za ulinzi zilizomo ndani ya ngozi huzichukua na kuzipeleka kwenye tezi, na huko chembe nyeupe za damu hufundishwa kuzitambua, kama mlinzi wa geti anavyoonyeshwa picha ya mtu asiyetakiwa kuingia. Mafunzo hayo huchukua kama siku 10 hadi wiki 2, na mwenyewe hasikii lolote. Mwili ukishajifunza, kila chembe zile zinapogusa ngozi tena, baada ya siku moja mpaka tatu huja wekundu, uvimbe, vipele, maji, kuwashwa. Na mwili hausahau. Hadi leo hakuna dawa wala sindano ya kuufanya usahau. Mtu ataishi na mzio huo maisha yake yote, na kinga yake pekee ni kukiepuka kile kitu.

Huko kuchelewa ndiko kunakowapoteza watu. Mtu amejipulizia Ijumaa, anaanza kuwashwa Jumapili, lawama anampa pweza aliyemla Jumamosi. Halafu kuna hoja ninayoisikia kila mara: “Haiwezekani kuwa losheni hii, nimeitumia miaka kumi.” Mpenzi msikilizaji, inawezekana kabisa. Mwili hujifunza kwa kukutana na kitu mara kwa mara, na kadiri kitu kinavyopakwa zaidi, kwa wingi zaidi na mahali pale pale, ndivyo nafasi ya kujifunza inavyoongezeka. Miaka kumi bila shida haikupi dhamana ya mwaka wa kumi na moja.

Sasa wengine mtasema hayo ni ya pafyumu za viwandani, zenye kemikali, sisi tunatumia vya asili. Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana ndipo watu wanapodanganyana zaidi. Chukua karafuu, zao la Unguja na Pemba. Pemba wanakamua mafuta kutoka kwenye makonyo na majani yake, na mafuta hayo kwa sehemu kubwa ni kitu kimoja kiitwacho yujenoli, zaidi ya asilimia 70, na mara nyingi inapita 80. Yujenoli ndiyo inayotuliza jino linalouma, na madaktari wa meno huichanganya katika dawa ya kuzibia. Lakini tangu mwaka 1977, madaktari wa ngozi duniani wanapompima mtu mzio wa harufu hutumia mchanganyiko wa vitu vinane, na yujenoli ya karafuu ni kimojawapo, pamoja na sinamali, ile inayoupa mdalasini harufu yake. Vimo humo kwa sababu vimekutwa mara nyingi kuwa ndivyo vinavyowasumbua wagonjwa.

Langilangi nayo, ua ambalo Visiwa vya Komoro vimekuwa vikiliuzia dunia mafuta yake kwa miaka mingi, ina ndani yake vitu kadhaa vinavyojulikana kuleta mzio, kikiwemo ndugu wa yujenoli aitwaye isoyujenoli, ambaye ni mkali kumshinda nduguye. Kungumanga nayo inaye huyo huyo. Mchaichai una sitrali. Maganda ya machungwa yamejaa limonini. Mti haukutengeneza harufu yake kwa ajili ya kumfurahisha mwanadamu. Nyingi ya hizo ni silaha zake dhidi ya wadudu na kuvu, na ngozi yetu haiulizi kama chembe imetoka shambani Pemba au maabara ya Uswisi. Anayekuuzia mafuta ya kujipaka na kukwambia hayawezi kukudhuru kwa kuwa ni ya asili, hajui anachokisema, au anajua.

Singo ina nafuu yake kidogo, kwa kuwa husuguliwa na kuoshwa, haikai kutwa nzima. Lakini bibi harusi husuguliwa siku kadhaa mfululizo, tena mwili mzima, na kusugua kwenyewe kunaparuza lile tabaka la juu linalozuia vitu kupenya. Makungwi na masomo wanaonisikiliza, naomba jambo moja. Bibi harusi mwenye pumu ya ngozi, au aliyewahi kutoka vipele kwa marashi, asisuguliwe karafuu wala langilangi. Mtengenezeeni ya liwa na unga wa mchele, tena mumjaribishie kwanza mahali padogo wiki mbili kabla, maana liwa nayo ina wanaoikataa. Na mkishafika kwenye piko, kuweni waangalifu zaidi. Piko si kitu cha kunukia, kwa hiyo leo siiingilii kwa kirefu, ila kile kinachoifanya iwe nyeusi tititi ni dawa ya kupaka nywele rangi, na mzio wake ni mbaya kuliko karibu yote niliyoitaja.

Lipo jambo linalotuhusu sisi weusi ambalo vitabu vingi vya magonjwa ya ngozi hulipita haraka. Ule wekundu ninaousema huonekana kwa Mzungu. Kwenye ngozi yetu mara nyingi huonekana zambarau au kijivu, au hauonekani kabisa mpaka uguse usikie joto na ukwaru. Kwa hiyo mtu hukaa muda mrefu akidhani ni joto tu. Na vipele vikishapoa huacha alama nyeusi, ambazo zinaweza kukaa miezi, wakati mwingine miaka. Hapo ndipo balaa la pili linapoingia, kwani mtu akiona shingo na mashavu yamekuwa meusi hukimbilia krimu za kujichubua, nazo zina harufu zake na sumu zake. Ugonjwa unapandishwa juu ya ugonjwa.

Weusi huo wa uso Wajapani waliujua vizuri. Katika miaka ya 1960 na 1970 wanawake wengi nchini Japani walitokwa na mabaka ya kahawia na kijivu usoni, na waliokuwa wakiyaficha kwa poda na vipodozi walizidi kuharibika. Madaktari, akiwemo Hideo Nakayama, walifuatilia bila kuchoka wakagundua kwamba kisa ni vipodozi vyenyewe: baadhi ya rangi zilizotengenezwa kutokana na lami ya makaa ya mawe, pamoja na harufu, yakiwemo mafuta ya asumini na ya langilangi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni kubwa za huko zilianza kuviondoa vitu hivyo katika bidhaa zao, na wagonjwa wapya wakapungua sana. Nakipenda kisa hiki kwa sababu wale wanawake hawakuambiwa waache kujipamba. Kilichobadilika ni kilichowekwa ndani ya chupa.

Jua nalo lina sehemu yake. Ndani ya maganda ya ndimu, malimau na tunda la bergamoti linalolimwa kusini mwa Italia, mna vitu ambavyo vikikutana na mwanga wa jua juu ya ngozi huchoma, hata kwa mtu asiye na mzio wowote. Zamani, watu waliojipaka marashi ya kolonya yenye bergamoti kisha wakatoka juani walibaki na mstari mweusi unaoteremka shingoni, ukifuata njia ya tone lilivyotiririka. Siku hizi watengenezaji wakubwa huyasafisha mafuta hayo au hutia kidogo sana. Lakini nyumbani bado kuna watu wanaojisugua ndimu usoni na kwapani, kisha wanakwenda sokoni saa sita mchana. Msifanye hivyo. Malengelenge yake ni sawa na ya maji ya moto.

Tuje sasa kwenye chupa yenyewe. Kuna harufu mbili ambazo utazikuta karibu kila mahali, kwenye sabuni, shampuu, losheni, mpaka dawa ya kuoshea vyombo: limonini ya jamii ya machungwa, na linaloli inayopatikana kwenye lavenda na rihani. Zikiwa mpya hazina ukali mkubwa. Watafiti wa Gothenburg, Sweden, wakiongozwa na Ann-Therese Karlberg, walionyesha kwamba zikikaa zikapigwa na hewa hubadilika na kuzaa vitu vingine, na hivyo ndivyo vinavyoleta mzio kwa nguvu. Fikiria basi chupa ya pafyumu iliyopangwa dirishani Dar es Salaam au Mombasa, jua linaipiga asubuhi hadi jioni, kifuniko kimelegea, ina miaka minne na mwenyewe anaitumia kwa uchache ili idumu. Harufu bado ni nzuri, pengine imebadilika kidogo, lakini kilichomo si kile kilichonunuliwa. Wekeni chupa kabatini, penye giza na ubaridi, vifuniko vikazwe, na iliyozeeka itupwe hata kama ilinunuliwa ghali.

Na yapo yale mafuta ya marashi yanayouzwa kwa kupimiwa. Muuzaji anavuta kwa bomba la sindano kutoka kwenye chupa kubwa, anajaza kichupa chako, anakupa. Yananukia vizuri, yanadumu, na bei yake mtu wa kawaida anaimudu. Lakini hayana hata neno moja la kueleza kilichomo, na chupa kubwa hufunguliwa mara nyingi kwa siku. Sisemi yote ni mabaya. Nasema ukitokwa na vipele, hata daktari bingwa hana pa kuanzia.

Hilo la kutojua kilichomo halipo kwenye vichupa vya kupimiwa tu. Geuza kopo la losheni lolote usome nyuma. Utaona orodha ndefu, maji, glaiserini, na mwishoni mwishoni neno Parfum au Fragrance. Neno hilo moja linaweza kubeba ndani yake vitu kumi, hamsini, hata zaidi ya mia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1966 kuhusu lebo iliruhusu hivyo ili kulinda siri za watengenezaji, na nchi nyingi zimekwenda kwa mwendo huo. Ulaya ndiyo iliyoanza kulibana. Tangu mwaka 2005, vitu 26 vya harufu vinavyojulikana kuleta mzio lazima vitajwe kwa majina yake vikizidi asilimia 0.001 katika kitu cha kujipaka, au asilimia 0.01 katika kitu cha kuosha. Mwaka 2023 walipitisha kanuni mpya ya kuifanya orodha ipite 80. Bidhaa mpya zinabanwa nayo kuanzia 31 Julai 2026, na zilizokwishakuwa sokoni zinapewa hadi 31 Julai 2028. Marekani nayo, kwa sheria iliyotiwa saini Desemba 2022, imeiagiza mamlaka yake ya chakula na dawa iandae orodha ya aina hiyo.

Vingine havikuishia kutajwa tu, vimepigwa marufuku. Kulikuwa na harufu ya kutengenezwa iliyoitwa Lyral, inayofanana na ya ua dogo jeupe la Ulaya, iliyopendwa sana katika deodoranti na pafyumu. Madaktari walianza kuinyooshea kidole katika miaka ya 1990. Marufuku ya bidhaa mpya ilikuja Agosti 2019, na ya kuiuza kabisa Agosti 2021. Hebu tafakarini ni watu wangapi walipata mzio katika muda wote huo. Ndugu yake, Lilial, iliondolewa tarehe 1 Machi 2022, kwa kuwa iliwekwa katika kundi la vitu vinavyodhaniwa kudhuru uzazi. Jina lake kwenye lebo ni Butylphenyl Methylpropional. Hizo ni sheria za soko la Ulaya, kwetu hazifiki, kwa hiyo ukilikuta jina hilo kwenye kopo ulilonalo nyumbani, acha kulitumia.

Na tatizo si dogo huko walikopima. Kamati ya kisayansi ya Ulaya ilikadiria mwaka 2012 kwamba kati ya asilimia 1 na 3 ya watu wote wana mzio wa vitu vya harufu, na miongoni mwa wenye ukurutu ni kama asilimia 16. Kwetu, viwango vya vipodozi vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vipo, na vina orodha za vitu visivyoruhusiwa. Tanzania Bara kazi ya vipodozi iko mikononi mwa shirika la viwango, TBS, tangu 2019, na Kenya iko kwa mwenzake, KEBS. Nguvu nyingi huenda kwenye krimu za zebaki na haidrokwinoni, na ni haki ziende huko, kwa kuwa zile ni sumu. Ninachowaomba wakubwa hao ni kwamba majina ya harufu yatajwe kwenye lebo, na wauza mafuta ya kupimia wapewe utaratibu rahisi wa kuandika kwenye kichupa jina la mafuta, yalikotoka na siku yalipofunguliwa. Kibandiko kidogo kitamsaidia mnunuzi kujua, na muuzaji ataendelea na biashara yake.

Wakati tukiyangoja hayo, chukueni kalamu. Majina ya kuyatafuta nyuma ya kopo ni haya: Limonene, Linalool, Eugenol, Isoeugenol, Geraniol, Citral, Cinnamal, Coumarin, Hydroxycitronellal. Kwa mtu asiye na mzio si sumu hizi, msije mkatupa kila kitu mlicho nacho. Ni majina ya kumkabidhi daktari na ya kulinganisha kopo moja na jingine. Wala msiridhike na maandishi ya mbele ya kopo kwamba bidhaa imepimwa na madaktari, au haileti mzio. Marekani, kwa mfano, hakuna kipimo chochote cha kisheria ambacho kampuni lazima ikifaulu kabla ya kuandika hivyo. Orodha ya nyuma ndiyo ya kusomwa.

Ukinunua losheni mpya, usiipake usoni siku hiyo hiyo. Paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, mahali pale pale, kwa wiki moja, na ikiwezekana wiki mbili. Pakiwasha, acha. Marashi yapulizie nguo kabla hujazivaa, yasipulizwe shingoni. Wazee wetu walipotandaza kanzu na kanga juu ya tenga la kufukizia waliitia harufu kwenye kitambaa, ngozi ikabaki salama. Ila penye mtoto mwenye pumu, chetezo kikae nje, moshi haumfai. Ngozi iliyotoka kunyolewa isiguswe na marashi siku hiyo. Na watoto wachanga, jamani, hawahitaji kunukia waridi. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanawatosha, na mtoto mwenye pumu ya ngozi ndiye wa kulindwa zaidi, maana ngozi yake imekwishakuwa na nyufa ambazo chembe hupitia.

Kwa wale ambao vipele vimeshakuwa sugu, kipimo kipo. Daktari hubandika mgongoni vipande vidogo vyenye vitu tofauti, vinakaa saa 48, anavitoa na kusoma, kisha anasoma tena baada ya siku mbili au zaidi. Si hospitali zote zenye vifaa hivyo, lakini Moshi, pale hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992 kuna kituo cha kanda cha kufundishia magonjwa ya ngozi, na waliosomea pale wametawanyika nchi nyingi za Afrika. Ulizeni katika hospitali ya mkoa au ya kaunti kama kuna aliyesomea ngozi. Siku ya kwenda msijipake chochote, na msiende mikono mitupu. Bebeni kwenye mfuko kila mnachojipaka: sabuni, losheni, deodoranti, mafuta ya nywele, kile kichupa kisicho na jina, hata anachojipaka mume au mke, kwa kuwa ngozi mbili zinazolala kitanda kimoja hupakana. Piga picha ya vipele vinapokuwa vikali, kwa sababu siku ya miadi huenda vikawa vimetulia. Mwekee daktari vyote mezani, kisha mwambie kila kimoja umeanza kukitumia lini.